Haisemeki na Haisemwi: Safari ya Neno Moja la Kiingereza



Ndugu msomaji, mada hii imeletwa na kijana mmoja anayehudhuria darsa yetu ya baada ya Maghrib hapa Arusha. Kazi yake ni kuwaongoza watalii kupanda Mlima Meru. Siku moja alibaki nyuma wenzake walipoondoka, akaniambia: "Sheikh, nina swali, lakini halimo kwenye kitabu tunachosoma." Akasimulia kuwa alikuwa na mgeni, mzee wa Kiingereza. Walilala Miriakamba usiku wa kwanza, Saddle usiku wa pili, kisha wakaondoka usiku wa manane kuelekea kileleni. Kulipopambazuka jua likachomoza upande wa Kilimanjaro, na mawingu yote yakiwa chini yao. Yule mzee akaketi juu ya jiwe, akasema neno moja tu: ineffable. Kijana akalihifadhi, na aliporudi nyumbani Ngarenaro akalitafuta katika kamusi. Akakuta ni sifa ya kitu kikubwa mno hata hakielezeki kwa maneno, na mfano uliotolewa pale ulimhusu Mungu.

"Sasa Sheikh," akauliza, "yafaa neno la Mungu kupewa mlima? Na kama Mungu haelezeki, mbona sisi tuna majina tisini na tisa?"

Adhana ya Isha ilikuwa karibu, nikamjibu kwa ufupi kuwa kwa mlima hakuna ubaya, na kwamba swali la pili nitaliandikia. Nilipoanza kuandika nikaona neno lenyewe lina mambo mengi kuliko nilivyodhani, na mengine yanatugusa hapa mjini kwetu.

Waingereza walilipata neno hili kutoka Kilatini, kupitia Kifaransa, mwishoni mwa karne ya 14. Asili yake ni kitenzi fari, yaani kunena. Kikiongezewa kiambishi cha kutoa nje kinakuwa effari, kutamka. Na kikitanguliwa na in- ya kukanusha ndipo hupatikana ineffabilis, kisichotamkika. Kitenzi hicho kina ukoo mkubwa. Infant, mtoto mchanga, maana yake ya asili ni "asiyesema". Fable ni hekaya. Fame ni umaarufu, yaani yale watu wanayoyanena juu ya mtu. Fate ni ajali, lile lililokwisha kunenwa. Mwanafunzi wa sarfi hatashangaa, kwani anajua jinsi kaf, ta na ba zinavyozaa kitabu, katibu na maktaba.

Mwanzoni neno hili lilikaa katika maandishi ya dini, likimaanisha kilicho kikubwa kupita maneno. Mwishoni mwa karne ya 16 likapata maana nyingine: kisichopaswa kutamkwa. Hapo lilihusu hasa lile Jina la herufi nne ambalo Mayahudi hawalitamki wanaposoma vitabu vyao, bali husema "Adonai" mahali pake. Kisha katika karne ya 19 watu wa mzaha wakaliteremsha chini kabisa, wakaziita suruali "ineffables", kwa kuwa adabu za zama zile ziliona haya kulitaja vazi hilo mbele ya mabibi. Neno lililoanza kwa Mola likafika kwenye suruali! Mwaka 1902 William James, mwanafalsafa wa Marekani, alilirudisha juu katika kitabu chake kuhusu namna watu wanavyoionja dini, akaifanya hali ya kutoelezeka kuwa ya kwanza katika alama nne za mambo ya kiroho anayoyapata mtu ndani ya nafsi yake.

Msomaji wa fiqhi ameshaona mkanganyiko. Ndani ya neno moja mna hukumu tatu. Kuna ajizi: ulimi umeshindwa. Kuna katazo: ulimi unaweza ila umezuiwa. Na kuna haya: ulimi unaweza, haukuzuiwa na sheria, lakini mtu anaona aibu. Kwa mwanasheria wa Kiislamu mambo haya hayakai chungu kimoja. Ajizi huondoa wajibu, katazo huleta wajibu wa kunyamaza, na haya ina mahali pake pa kusifiwa na mahali pake pa kuwekwa kando.

Kiswahili chetu kina ukali hapa ambao Kiingereza hakina. Sisi tunasema "halisemeki", tena tunasema "halisemwi". Tofauti ni silabi moja, lakini la kwanza ni la ajizi na la pili ni la katazo au desturi. Kilatini nacho kilikuwa na neno la pili la ukoo uleule, nefandus, la uovu ambao ni dhambi hata kuutamka. Waingereza wa leo wakitaka kuutaja uovu wa namna hiyo husema unspeakable. Ukifasiri herufi kwa herufi, ineffable na unspeakable ni kitu kimoja, lakini hakuna Mwingereza atakayeyabadilishana: moja linapanda, jingine linashuka. Wafasiri wetu wengi huyaweka yote mawili "isiyoelezeka". Ndiyo maana tunasoma "furaha isiyoelezeka" na "unyama usioelezeka".

Kwa Kiarabu husemwa kitu fulani kiko juu ya wasfu, yaani juu ya maelezo. Kutoka mzizi huohuo sisi tumepata "sifa" na "wasifu". Lakini mfasiri ajihadhari: kwetu "sifa" imebeba maelezo na pia pongezi. Nilipata kumsikia kijana mmoja katika khutba akifasiri moja kwa moja kutoka Kiarabu kwamba Mwenyezi Mungu "hasifiki". Wazee wa safu ya kwanza waliinua vichwa. Yeye alikusudia kwamba hawezi kuelezwa akamalizwa. Wao walisikia kwamba hastahiki kusifiwa.

Tuje kwenye swali la majina tisini na tisa. Aya ya 11 ya Suratush-Shuura inakanusha kwamba kuna chochote mfano wa Allah, na papo hapo, kabla aya haijakwisha, inathibitisha kuwa Yeye ni Mwenye kusikia, Mwenye kuona. Kukanusha na kuthibitisha vimo katika aya moja. Anayechukua nusu ya kwanza pekee atafika mahali pa kusema hakuna linaloweza kusemwa. Anayechukua nusu ya pili pekee atamfananisha Mola na viumbe. Na Bibi Aisha (R.A.) amepokea, katika Sahih Muslim, dua ya Mtume (S.A.W.) akiwa katika sijda usiku, ambayo mwisho wake anakiri kuwa hawezi kuzihesabu sifa za Mola wake, na kwamba Yeye yuko kama alivyojisifu Mwenyewe. Tazama mahali maneno hayo yalipo. Ni mwisho wa dua, baada ya kuomba na kutukuza. Ajizi ya Mtume ilikuja baada ya kusema yote yaliyowezekana kusemwa.

Mafaqihi wana kanuni inayotufaa hapa: al-maysuru la yasqutu bil-ma'sur. Linalowezekana halianguki kwa sababu ya lile lisilowezekana. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, haachi swala. Na asiyeweza kumweleza Mola wake akammaliza humtaja kwa majina aliyofundishwa. Msomaji aishike kanuni hii, maana tutairudia.

Wakristo nao walilipitia tatizo hili. Augustine, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliona kuwa ukisema Mungu hatamkiki umeshatamka kitu juu yake, basi hata neno hilo lina kasoro. Imam Malik (Mwenyezi Mungu amrehemu), aliyefariki mwaka 179 Hijria, yaani 795, alipoulizwa namna ya kulingana juu ya Arshi aliinamisha kichwa hata jasho likamtoka, kisha akajibu kwamba kulingana kunajulikana, namna yake haifikiwi na akili, kuamini ni wajibu, na kuuliza ni bidaa. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake alieleza sababu ya ulimi kushindwa: lugha imewekwa na watu kwa mambo wanayoyajua wote, na mengi ya hayo ni yanayoonekana na kuguswa. Kwa hiyo aliyeonja jambo la ndani ambalo wenzake hawajalionja hana neno la kuwafikishia.

Khitilafu za wanavyuoni juu ya sifa, na juu ya kumuona Allah siku ya Kiyama, sizifungui hapa. Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, mzaliwa wa Zanzibar aliyeteuliwa kuwa Mufti wa Oman mwaka 1975, ameitetea kauli ya Ibadhi katika kitabu chake Al-Haqqu 'd-Damigh, na wanavyuoni wa Kisuni wana majibu yao. Hapa Arusha ukilianza jambo hilo kwenye baraza ya kahawa, kabla ya kikombe cha pili utaulizwa unaswali msikiti gani.

Nilipomuuliza yule kijana wapagazi wa Meru husema nini kwa Kiswahili wanapoulizwa kulikuwaje huko juu, alicheka: "Wanasema, 'We acha tu!'" Nami nadhani hakuna tafsiri bora zaidi. "Acha tu" humwambia msikilizaji aache kuuliza, kwa sababu jibu halitoshi. Al-Ghazali katika Al-Munqidh, alipofika mahali pa kueleza waliyoyaonja masufi, alitumia ubeti wa mshairi wa zamani ambaye alimtaka msikilizaji adhanie kheri na asiulize habari yenyewe. Hiyo ni "acha tu" ya Kiarabu.

Lakini "acha tu" nayo, kama ineffable na dada yake, ina pande mbili. Huu wa pili ndio ulionifanya niichelewe makala hii, kwa kuwa una deni langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa imamu kijana, mama mmoja alinijia baada ya Alasiri. Alikaa kimya muda mrefu. Nikamuuliza, "Kuna nini, mama?" Akasema binti yake amefanyiwa jambo na mtu wa karibu, na wazee wa familia wanataka limalizwe nyumbani. Nikauliza jambo gani. Akafunika uso kwa mtandio: "Acha tu, Sheikh. Haisemeki." Nami nikaacha. Nikamsomea hadithi ya kumsitiri Muislamu, nikamwombea dua, akaondoka. Nilijiona nimetenda kwa hekima. Baadaye familia ile ilihama, na mtu yule aliendelea kukaa palepale mtaani.

Kosa langu lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la fiqhi. Mama yule alisema "haisemeki" kwa maana ya haya na maumivu. Mimi nikasikia "haisemwi".

Mji huohuo wa Arusha ulikuwa umewekewa mahakama iliyolazimika kulikabili jambo hili mchana kweupe. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, na Februari 1995 ikaamuliwa makao yake yawe hapa kwetu. Kesi zilisikilizwa katika jengo la AICC, ambalo wengi wetu tulipita nje yake kila siku tukielekea sokoni au kazini, hadi mahakama ile ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, hati ya kwanza ya mashtaka haikuwa na shtaka lolote la ubakaji. Mapema mwaka 1997 shahidi mwanamke, aliyejulikana kwa herufi tu, alipokuwa akieleza mambo mengine alitaja kwamba binti yake mdogo wa miaka sita alibakwa. Baadaye shahidi wa pili alieleza yaliyompata yeye mwenyewe. Majaji, miongoni mwao Navanethem Pillay, mwanamke pekee katika jopo la watatu, hawakusema "acha tu". Waliuliza. Mwezi Juni mwaka ule hati ikarekebishwa na mashtaka hayo yakaongezwa.

Hukumu ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998, nayo ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutambua kuwa ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Kwa mtu wa lugha, ndani yake mna jambo la kuvutia. Mashahidi walitumia maneno kadhaa ya Kinyarwanda, moja likiwa gufata ku ngufu, ambalo hata sikio la Mswahili linalifahamu bila mkalimani, na wakalimani waliyageuza yote kuwa neno moja. Majaji walisimama wakayachunguza maneno hayo. Tena waliandika kuwa wanatambua jinsi ilivyo vigumu na uchungu kwa mashahidi kueleza mambo ya ndani hadharani. Na walipofika kwenye tafsiri ya kosa lenyewe walikataa kulifunga katika orodha ya viungo vya mwili, wakaona kwamba kiini chake ni uvamizi, na orodha haikitoshi. Yaani walikiri kuwa kuna sehemu haisemeki, lakini iliyosemeka wakataka isemwe. Majaji wale hawakuwa wanafunzi wa usul, lakini sisi tunaijua kanuni hiyo: linalowezekana halianguki kwa lisilowezekana.

Fiqhi yetu ilikuwa na vifaa hivi zamani. Aya ya 148 ya Suratun-Nisaa inaeleza kuwa Allah hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha inamtoa mmoja katika katazo hilo: aliyedhulumiwa. Katazo lipo, na mwenye haki ya kulivuka ametajwa. Hadithi ya sitara niliyomsomea mama yule ni sahihi, lakini mahali pake ni dhambi ya mtu baina yake na Mola wake. Haki ya mja aliyedhulumiwa haisitiriwi na mtu mwingine kwa niaba yake. Mama yangu yule hakuwa na dhambi ya kusitiriwa, wala binti yake. Niliyemsitiri ni mhalifu.

Na haya? Umm Sulaym (R.A.) alipotaka kumuuliza Mtume (S.A.W.) jambo la faragha la wanawake alitanguliza kwamba Allah haoni haya katika haki, kisha akauliza wazi, akajibiwa wazi. Ma'iz alipokuja kukiri, Mtume alimpa njia za kutokea moja baada ya nyingine, huenda umebusu tu, huenda umegusa tu. Lakini ilipofika mahali hukumu inategemea neno, alimuuliza kwa neno lenyewe bila kinaya. Kinaya ni adabu ya mazungumzo. Mbele ya kadhi hupungua.

Hata ajizi kamili ina njia. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas (R.A.) habari ya msichana aliyepondwa kichwa kwa mawe kwa ajili ya mapambo yake, akawa hawezi tena kusema. Akatajiwa majina: ni fulani? ni fulani? Lilipotajwa jina la mhalifu akaashiria kwa kichwa. Mtu yule akaletwa, akakiri, akahukumiwa. Msichana hakuweza kunena neno moja, na bado hakuachwa.

Mahakama zetu za Tanzania zimepita njia hii kwa hatua zake. Mwaka 1998, mwaka uleule wa hukumu ya Akayesu, Bunge lilipitisha sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana, ambayo pia iliruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake ikiridhika kuwa anasema kweli. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika. Lakini ikazuka shida ya maneno. Kuna rufaa ambazo mahakama iliona haitoshi shahidi kusema tu "alinibaka" bila kueleza kilichotendeka. Na mtoto wa kike aliyelelewa kwa haya, akisimama mbele ya wanaume wageni, atasema "alinifanyia tabia mbaya" na hatavuka hapo. Katika hukumu za miaka ya 2010, baadhi zikiwa katika vikao vya hapa Arusha, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba yapasa kutazama malezi ya shahidi, mila, hisia zake za dini, umri wake na watu wanaomsikiliza, na kwamba maneno ya mafumbo yanaweza kutosha iwapo maana yake iko wazi. Mimi naiona hiyo kuwa fiqhi nzuri, ingawa walioiandika hawakuiita hivyo.

Kijana wa Meru ameshajibiwa swali lake, na nimemuahidi nakala ya gazeti hili aisome akiwa Saddle. Upande wangu, siku hizi mama akija na maneno kama yale, namwita ustadhati wa madrasa yetu akae naye chumba cha pembeni, mimi natoka nje. Ustadhati hamwambii aseme yote. Humuuliza kama binti ameshapelekwa hospitali, na kama hajapelekwa huwafuata polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kuchukua fomu ya PF3, siku ileile, kabla binti hajaogeshwa na nguo zake hazijafuliwa. Yanayosemeka yanaandikwa kwenye fomu.